Nakala Tatu, Waya Mmoja: Mtandao wa Hifadhi ya Ceph

Ceph, mfumo ulioasisiwa na Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, huunganisha diski za seva nyingi kuwa hifadhi moja ya mashine pepe. Kwa kawaida data huwekwa nakala tatu, kila moja kwenye seva yake. Seva moja ikizimika, mashine pepe zake huwashwa kwingine na kuikuta data yao salama. Gharama ya usalama huo hubebwa na mtandao.

Mashine pepe inapoandika, data hufika kwanza kwenye diski kiongozi, nayo ndiyo inayozipelekea nakala diski nyingine mbili. Jibu la kwamba kazi imekamilika halitolewi mpaka nakala zote zihifadhiwe, hivyo njia ya polepole ndiyo inayoamua kasi.

Chukulia seva tatu zilizounganishwa kwa mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde. Waya huo hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde, tena kwa hesabu ya karatasini. Diski kiongozi ikiwa kwenye seva ileile ya mashine pepe, nakala mbili hutoka kupitia waya huo mmoja, na uandishi hauwezi kuvuka megabaiti 62 hivi. Diski ya SSD ya SATA hufikia 500. Imenunuliwa kwa kasi ambayo mtandao hauiruhusu.

Mzigo mzito zaidi huja diski inapokufa. Ceph husubiri dakika 10, kisha huanza kuzijenga upya nakala zilizopotea. Katika klasta ya seva tatu, nakala hizo hurudi kwenye seva ileile iliyopoteza diski, zote kwa mlango mmoja. Terabaiti 4 kwa gigabiti 1 huchukua karibu saa 9. Kwa gigabiti 10, chini ya saa moja. Muda wote huo data hiyo imebaki na nakala mbili tu, huku mashine pepe zikigombea waya uleule. Siku hiyo ndiyo inayopasa kupimiwa mtandao.

Kwa hiyo trafiki hutenganishwa: mtandao mmoja wa mashine pepe kuifikia hifadhi, mwingine wa nakala na ujenzi upya. Kwenye Proxmox VE, jukwaa la kuendeshea mashine pepe, programu ya Corosync, inayoziwezesha seva kujuana kuwa ziko hai, nayo hupewa kadi yake ya mtandao. Ujumbe wake ni mdogo na gigabiti 1 inautosha, ila ukichelewa nyuma ya nakala, seva nzima inaweza kuhesabiwa imekufa na kujiwasha upya.