Atomu Mbili Zilizobadilishana Nafasi

Mwenye jongo humeza kidonge chake cha alopurinoli, akanywa maji, akaendelea na shughuli zake. Ni haki yake, lakini kidonge hicho kinastahili kutazamwa taratibu.

Mwilini kuna kimeng'enya kiitwacho zanthini oksidesi. Hupokea haipozanthini, inayotokana na kuvunjwa kwa DNA na vyakula kama nyama, huigeuza kuwa zanthini, kisha asidi ya yuriki. Asidi hiyo ikizidi huganda viungoni, ikawa fuwele kali kama sindano. Kidole gumba cha mguu huvimba usiku, hata shuka likigusa ni kilio. Sasa itazame alopurinoli: ni haipozanthini ileile, ila kwenye pete yake ndogo naitrojeni moja na kaboni moja zimebadilishana nafasi. Basi. Kimeng'enya hakishtuki. Huipokea, huifanyia kazi yake ya kawaida na kuigeuza kuwa oksipurinoli, nayo hung'ang'ania kwenye molibdenamu, pale pale kazi inapofanyikia. Kimeuma kokoto kililodhani ni wali. Na kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kizibo hicho kimekitengeneza chenyewe.

Kazi hii ilitoka kwa Gertrude Elion na George Hitchings, katika maabara ya Burroughs Wellcome huko Tuckahoe, jimbo la New York. Elion aliajiriwa mwaka 1944, bila shahada ya uzamivu. Picha ya kimeng'enya hawakuwa nayo. Hata umbo la DNA lilikuwa halijajulikana. Walikuwa na bakteria kwenye chupa: je, amekua au amedumaa? Unabadilisha atomu, unajaribu, unaandika, unabadilisha nyingine. Salfa ilipowekwa mahali pa oksijeni ikapatikana merkaptopurini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1953 kutibu watoto wenye saratani ya damu.

Alopurinoli iliingia kazini ili kuikinga merkaptopurini isivunjwe mapema na zanthini oksidesi. Asidi ya yuriki ikaonekana kushuka, na wenye jongo wakapata nafuu ambayo hawakuwa wamekusudiwa. Leo kukinga kule kumegeuka tahadhari: anayetumia dawa zote mbili hupunguziwa merkaptopurini hadi robo au theluthi ya dozi, isije ikarundikana ikamdhuru.

Kipimo kigumu zaidi cha ufundi huu ni pale adui na mgonjwa wanapotumia kimeng'enya kimoja. Kile kinachoandaa foleti kwa ajili ya kuunda DNA tunacho sisi, bakteria wanacho, vimelea vya malaria vinacho. Trimethoprimu, iliyomo kwenye Septrin, hukishika cha bakteria kwa nguvu inayozidi maelfu ya mara ile inayokishikia cha binadamu. Hapo ndipo naona mkono wa fundi hasa: kuua ni rahisi, kuchagua ndiyo kazi.

Ndugu wa trimethoprimu, pirimethamini, ndiyo P ya SP, dawa ya malaria tuliyoimeza sana Afrika Mashariki. Vimelea vikajibu kwa kipimo kilekile cha udogo: kwenye nafasi ya 108 ya kimeng'enya chao, serini ikaondoka, asparajini ikakaa, na dawa ikaanza kuteleza. Mabadiliko mengine yakafuata, na SP ikaipisha dawa nyingine ya malaria, ALu, katika matibabu. Kliniki za wajawazito bado zinaitoa SP kwa kinga, vidonge vitatu kwa mpigo, na muuguzi akisubiri uvimeze mbele yake.