Chumba cha Mtu Mmoja

Hoteli nyingi duniani hazijui la kumfanya msafiri wa peke yake. Vyumba vimejengwa kwa ajili ya wawili, naye hulipia nafasi ya mwenzi asiyekuwa naye. Katika miji ya Japani nimekuta kazi ya mafundi waliokaa wakamfikiria mtu huyu mmoja, wakampimia chumba kama fundi cherehani anavyompimia mteja kanzu.

Nazungumzia hoteli za wasafiri wa kikazi, zile zilizojaa karibu na stesheni za treni za Tokyo, Osaka na Fukuoka. Chumba aghalabu kina mita za mraba 12 hivi, na vingine havifiki hapo. Ukisikia kipimo hicho utadhani unakwenda kubanwa. Ukiingia, unakuta swichi ya taa iko pale pale mkono unapoangukia ukishalala. Kitanda kimeinuliwa makusudi ili sanduku liingie uvunguni. Juu ya meza nyembamba kuna birika la umeme, kikombe na chai ya kijani. Nguo ya kulalia imekunjwa, inakungoja.

Lakini ufundi ninaousifu kuliko wote uko bafuni. Mwaka 1964 Tokyo ilikuwa mbioni kuipokea Michezo ya Olimpiki, na hoteli ya New Otani, yenye vyumba zaidi ya 1,000, ilipaswa kusimama kabla ya mwaka mmoja na nusu kutimia. Kujenga mabafu yote hayo kwa saruji na vigae, fundi bomba akimngoja mwashi, mwashi naye akingoja saruji ikauke, kungekula miezi. Kampuni ya Toyo Toki, ambayo leo inaitwa TOTO, ikaamua kuyatengeneza kiwandani na kuyaleta yakiwa karibu tayari. Bafu la namna hiyo likaenea katika hoteli na nyumba za Japani nzima.

Litazame vizuri. Sakafu imefinyangwa kipande kimoja, maji hayana ufa wa kupenya kumwendea aliye ghorofa ya chini. Mara nyingi bomba ni moja tu, shingo yake inageuka: sasa linajaza sinki la kunawia, sasa linajaza beseni la kuogea. Wako watakaouita ubahili. Mimi naona akili iliyokataa kuacha kazi nusu. Beseni ni fupi, ila ukikunja magoti maji ya moto yanapanda hadi mabegani, na uchovu wa kutwa nzima ya kutembea unakutoka.

Mwaka 1979, pale Osaka, msanifu Kisho Kurokawa aliupeleka udogo mbali zaidi katika hoteli ya kwanza ya kapsuli, ambamo mgeni hujipenyeza kwenye kijumba cha kulala tu. Naiheshimu kazi yake, lakini nadhani hapo pamepotea mlango. Aliye peke yake ugenini anahitaji mlango wa kufunga kwa ufunguo wake.

Na yote haya yangeharibika upesi kama si watu wa usafi. Chumba kidogo hakifichi kosa. Unywele mmoja kwenye beseni jeupe unaonekana tangu mlangoni. Mtu huyo nisiyemwona huinama mahali pasipo na nafasi ya kiwiko, akatoka ameacha hata ncha ya karatasi ya chooni imekunjwa pembetatu. Japani hakuna desturi ya bahashishi, kwa hiyo kabla ya kuondoka hukusanya taulo zangu mahali pamoja, juu ya meza, angalau nimpunguzie kuinama.