Warina Asali wa Miombo ya Tabora

Kurina asali, yaani kuvuna masega kutoka mzingani, ni taaluma kamili inayostahili heshima, na ubora wake unadhihirika wazi katika misitu ya miombo ya Tabora, magharibi mwa Tanzania, ambako Wanyamwezi wameishi na nyuki kwa vizazi vingi. Maua ya miti ya misitu hiyo huwapa nyuki mbochi, umajimaji mtamu wanaougeuza kuwa asali.

Mrina asali hutoboa gogo, huziba ncha zake, kisha huutundika mzinga juu ya mti, mbali na moto wa nyika na nyegere. Hanunui nyuki, hungoja mpaka kundi linalohama liingie lenyewe, na subira hiyo ni sehemu ya ujuzi wake. Msimu ukifika hupanda usiku akiwa na kienge, yaani kifungu cha nyasi au magome kinachofuka moshi, na hapo ndipo umahiri wake wa kupendeza hubainika, kwa maana katika mwanga hafifu, huku nyuki wakimzonga, hutenganisha masega yaliyozibwa kwa nta na yale yenye majana, yaani watoto wa nyuki, ambayo mrina mwema huyaacha ili kundi lisiangamie.

Mzinga wa gome ni mwepesi kubeba, lakini mti uliobanduliwa gome kuuzunguka hufa, na kwa hiyo mzinga wa gogo, ambao hudumu miaka mingi, unastahili kupendelewa. Masega yakishakamuliwa huyeyushwa kupata nta, bidhaa iliyosafirishwa ng'ambo tangu enzi za utawala wa Wajerumani.