Mtandao Bandia, Mtandao Pepe au Ngwe? Uhakiki wa Istilahi za Simu za Mezani za Intaneti

Miongoni mwa karatasi zinazoletwa kwetu kusomwa, mwongozo mmoja wa kurasa nne unastahili kuzungumzwa hadharani, si kwa kuwa ni mbaya kupita mingine, bali kwa kuwa makosa yake ni ya mtu anayejua kazi ya kutafsiri. Mwongozo huo unaeleza namna ya kuweka mipangilio ya mtandao katika simu za mezani za intaneti, nao ulifika katika ofisi moja ya Maramba, wilayani Mkinga, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Jina la mfasiri na la aliyemtuma hatuyataji. Tunachohakiki ni maneno.

Yafaa kwanza kukieleza chombo chenyewe, maana haiwezekani kuihukumu istilahi pasipo kukijua kitu inachokitaja. Simu ya zamani ilikuwa na waya wake peke yake hadi kituo cha simu. Hata neno simu tulilipata kutoka kwa Waajemi likiwa na maana ya waya. Simu ya intaneti haina waya wa peke yake. Huikata sauti vipande vipande, aghalabu 50 kila sekunde, na kuvipeleka katika waya uleule unaobeba barua pepe na nyaraka. Nyuma yake mna matundu mawili: moja la waya utokao ukutani, la pili la waya uendao kwenye kompyuta ya karani. Basi mazungumzo ya mkuu wa idara na faili kubwa la picha hupita njia moja, na faili likiisonga njia, sauti hukatika. Tena sauti haina subira: ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, wazungumzaji huanza kukatizana.

Dawa ya jambo hili ni kuugawa mtandao mmoja wa waya kuwa mitandao kadhaa iliyotengwa kwa alama tu. Kila kipande hutiwa namba, kuanzia 1 hadi 4094, na swichi hukipeleka kwa wenye namba hiyo pekee. Sauti hupewa namba yake, kompyuta nazo namba yao, ingawa waya ni mmoja. Kanuni yake, iitwayo 802.1Q, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1998 na taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki.

Mgawo huo ndio ambao mwongozo wetu unauita "mtandao bandia". Karani aliyeachiwa kazi hiyo Maramba, mtu makini, alifika penye sentensi hii: "Wezesha mtandao bandia wa sauti katika bandari ya eneo pana, kisha ingiza utambulisho wa mtandao bandia wa takwimu katika bandari ya kompyuta." Hakuwezesha. Alitueleza kwamba katika utumishi wake wote kitu bandia hakijapata kuwa halali: ziko noti bandia, dawa bandia na mbegu bandia, na kila moja ina mashtaka yake. Penye takwimu aliacha wazi, kwa hoja kwamba ofisi yao haina mtu wa takwimu. Simu ziliwaka taa, lakini zikajiunga na mtandao wa kompyuta na hazikuweza kujisajili. Wananchi waliopiga hawakujibiwa kwa siku kadhaa, mpaka fundi alipopanda gari kutoka mjini.

Hatuoni kosa la karani. Bandia kwa asili ni mwanasesere, kitu kilichotengenezwa kwa mfano wa kingine. Mtandao tunaouzungumzia haukuigiza chochote: unabeba sauti za kweli na una mipaka ya kweli. Mfasiri alilitazama neno la Kiingereza akasahau kazi inayofanywa. Takwimu nayo ni hesabu zilizokusanywa na kupangwa, sehemu ndogo tu ya data. Na neno data limekwisha kuzoeleka, hapana haja ya kulikwepa. Ama bandari, mtu wa Tanga akiisoma humjia meli na makuli. Kinachotajwa ni tundu, na mafundi wenyewe husema tundu. "Wezesha" ni neno la semina, la kuwezesha vijana na vikundi. Kitu kinachofungwa na kufunguliwa kwa kitufe huwashwa na kuzimwa. Kwa upande mwingine, mfasiri apewe haki yake: "kipaumbele", kwa daraja za 0 hadi 7 ambamo sauti kwa kawaida hupewa 5, ni tafsiri safi isiyohitaji kuguswa.

Wapo watakaosema kwamba jawabu tunalo tayari, yaani "mtandao pepe". Sisi tunasita. Neno pepe liliingia kwa mlango wa barua pepe, na aghalabu huelezwa kuwa limetokana na upepo, kama ilivyokuwa simu ya upepo hapo kale. Kwa msomaji wa leo maana yake ni "ya elektroniki". Ukimwambia mtandao pepe atauliza ni mtandao gani wa ofisini usio wa elektroniki. Tukilitwisha neno hilo mzigo wa pili, litashindwa kuubeba hata ule wa kwanza. Zaidi ya hayo, kwa mkulima pepe ni punje isiyo na kiini, inayopeperushwa na ungo. Na makarani wengi wa Maramba ni wakulima jioni.

Mafundi, wakiwa peke yao, husema "vilani", kwa kuzitamka herufi za kifupisho cha Kiingereza. Hatuwazuii. Lakini katika karatasi ya serikali neno hilo litamfanya msomaji atafute umoja wake, kilani, na mzee mwenye masikio mazito atasikia laana.

Pendekezo letu ni ngwe. Ngwe ni kamba ya kupimia shamba, na pia ni sehemu ya shamba aliyokatiwa mtu alime. Shamba ni moja, ukuta hakuna, ila kila mmoja anajua mpaka wake na hapandi kwa jirani. Mtandao uliogawanywa kwa namba hauna sura nyingine. Tutapata ngwe ya sauti, ngwe ya kompyuta, ngwe ya wageni. Na kipande kinachobeba namba kitakuwa na alama ya ngwe.

Yako mashaka mawili. La kwanza ni kwamba redioni ngwe imekuwa awamu ya mashindano. Hilo halitudhuru, maana ligi na swichi hazikutani katika sentensi moja. La pili ni zito zaidi: neno hili halibadiliki katika wingi, hivyo "ngwe 20" yaweza kuwa ngwe ishirini au ngwe yenye namba hiyo. Kwa hiyo isiandikwe kamwe bila neno namba: ngwe namba 20.

Sentensi ya mwongozo ingesomeka hivi: "Katika mipangilio ya mtandao, chagua tundu la ukutani. Washa ngwe, andika namba ya ngwe ya sauti, na kipaumbele 5. Rudi, chagua tundu la kompyuta, andika namba ya ngwe ya kompyuta. Hifadhi, kisha zima simu na uiwashe tena." Ni ndefu kuliko ya awali, lakini inafuatika kidole kikiwa kwenye kitufe. Msomaji ataona tumeiepuka kusanidi. Si neno baya, bali limekaribiana mno na kusanifu, na karani wetu aliyasoma yote mawili kama moja.

Limebaki jambo moja ambalo hatujaliridhia. Swichi huwa na ngwe ambayo vipande vyake husafiri bila alama yoyote. Mwongozo unaiita "ya asili", jina linaloficha tabia yake; "ngwe isiyo na alama" inaeleza vema lakini ni ndefu kwa kioo cha simu chenye mistari michache. Walimu wa vyuo vya ufundi na maafisa TEHAMA wa halmashauri wanaombwa kutuletea neno wanalolitumia wenyewe kazini, pamoja na sentensi walimolitumia.