Soko la Umeme la Ulaya na Ukinzani wa Sera Zake

Wako wanaodai kwamba sera za mazingira zikiongezeka, hewa nayo huzidi kuwa safi. Dai hili halina budi kupimwa kwa mambo yaliyotokea, wala si kwa nia njema ya watunga sera.

Tuitazame Ujerumani. Mwaka 2000 ilitunga sheria ya kuwahakikishia wafuaji wa umeme wa upepo na jua bei maalumu kwa miaka 20. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ukaanzisha soko la vibali vya kutoa hewa ya ukaa. Jumla ya vibali ilikuwa na kikomo. Kila sera peke yake ina mantiki, zikikutana, zinakinzana. Upepo ukichukua nafasi ya makaa ya mawe Ujerumani, vibali vilivyobaki huuzwa kwa kituo cha makaa cha nchi nyingine. Kikomo kikibaki kilekile, moshi umehama tu. Mwaka 2013, uchumi ukiwa umedorora na vibali vimejaa sokoni, bei ya kibali cha tani moja ilianguka hata chini ya euro 3. Aliyepata nafuu ni mwenye makaa.

Je, mzigo aliubeba nani? Upepo haununuliwi, kwa hiyo umeme wake hushusha bei ya jumla sokoni. Lakini tozo ndiyo iliyofidia tofauti kati ya bei hiyo na bei iliyoahidiwa. Bei ya jumla iliposhuka, tozo ilipanda. Mwaka 2014 mwananchi wa kawaida alilipa senti 6.24 kwa kila uniti. Viwanda vikubwa vinavyotumia umeme mwingi vilisamehewa sehemu kubwa ya tozo, huku vikinunua umeme kwa bei iliyoshuka. Vilifaidi mara mbili. Tozo hiyo ilifutwa Julai 2022, gharama ikahamia hazina ya serikali.

Hata hivyo, tusihakiki kwa jicho moja. Bei ile maalumu ilipanua soko la mitambo ya jua, na gharama yake ikashuka duniani kote, Afrika ikiwamo. Tena tangu 2019 Ulaya huondoa sokoni vibali vya ziada, na mwaka 2023 ilianza kuvifuta. Huko ni kukiri kwamba soko lenyewe halikuweza kuziratibu sera hizi.

Funzo kwa makada ni hili: sera mpya ikitangazwa, tuulize kwanza kikomo kitapunguzwa kwa kiasi gani, na nani atakayelipa. Asiye na jibu ametuhesabia mitambo. Hajatuonyesha hewa safi.