Fundi wa Tangi

Bloku ya injini ya lori la Fuso inapofikishwa karakanani Gerezani, Dar es Salaam, haina rangi unayoweza kuitaja. Oili imevuja juu yake miaka nenda rudi, vumbi la barabarani likaifuata, joto likavikausha vyote vikawa gamba. Mafundi wa kuchonga silinda wanaiona, ila hawaigusi. Wao hupima kwa sehemu za mia za milimita, na uchafu mwembamba kuliko unywele unatosha kuwadanganya. Kwa hiyo bloku inapitia kwanza uani, kwa fundi wa tangi, ambaye kazi yake mwenye gari haioni wala haiulizii.

Fundi huyu haanzi na tangi. Anaanza na spana, nyundo ndogo na kipande cha sumaku. Anang'oa plagi za njia za oili, kisha vifuniko vya njia za maji, maana tope linalojificha nyuma ya plagi halitolewi na dawa yoyote isiyolifikia. Beringi za kemshafti nazo zinatolewa. Kostiki soda itakayotiwa kwenye tangi la kuoshea haina ugomvi na chuma cha kusubu, lakini hula alumini, zinki na bati. Alumini ikitumbukia humo, maji huchemka povu na kutoa haidrojeni, gesi inayongoja cheche tu. Ndiyo maana anapitisha sumaku kila pahali. Ubavuni mwa bloku kuna kibati cha namba kilichopigwa ribiti, sumaku haikishiki. Anakibandua taratibu, anakifunga kwa karatasi na kukitia mfukoni mwa shati. Ukizamisha kibati kama hicho kwa pupa, namba ya injini inayeyuka, na mwenye gari hatakuelewa.

Sasa tangi. Maji hutangulia, soda hufuata, kidogo kidogo, huku akikoroga kwa fimbo ndefu ya chuma. Kinyume chake, kumwagia soda maji, ni kualika mlipuko wa maji yanayounguza. Amevaa miwani ya kufunika macho, glovu za mpira hadi viwikoni na aproni nzito. Asiye na miwani husogezwa mbali, hata awe bosi. Chembe nyeupe zinapoyeyuka, maji yanapata moto kabla jiko halijawashwa. Kwa ukoo, soda hii ni jamaa wa magadi ya Ziwa Natron yanayolainisha maharage jikoni, ila ni jamaa asiyetaniwa.

Wengi husema soda hugeuza oili kuwa sabuni. Hiyo ni kweli kwa mafuta ya wanyama na ya mimea. Oili ya injini, iliyotokana na mafuta ghafi, haigeuki. Joto huilainisha, soda hulegeza gamba, na dawa za sabuni zilizochanganywa humo huibandua oili kwenye chuma na kuizuia isirudi. Kwa hiyo joto ni nusu ya kazi, na fundi analilinda kati ya nyuzi 80 na 90, chini kidogo ya kuchemka.

Bloku inashuka kwa chein bloku, imeinamishwa upande. Ikizama imelala sawa, hewa itanaswa kwenye mashimo, na palipo na hewa dawa haifiki. Kisha ni kungoja. Oili inapanda juu ya maji kama utando mweusi, naye anaiengua kwa upawa kabla haijaikuta bloku ikipandishwa. Wapo wanaoongeza ukali wa soda ili wafupishe saa. Yeye hafanyi hivyo: soda iliyozidi ni ngumu kusuuza na huacha ukoko mweupe kwenye pembe. Anainua bloku nusu, anaitazama, anairudisha. Mimi ningekuwa nimeshaitoa.

Hatimaye inatoka, maji ya moto yanapita ndani na nje, brashi nyembamba ndefu zinapenya kila njia ya oili mpaka zitokee upande wa pili. Hapo ndipo jicho lake linapofanya kazi. Maji yakiteleza juu ya chuma kama utando mmoja usiokatika, chuma ni safi. Yakijikusanya matone, au yakikwepa mahali, pana mafuta bado. Nyuma ya silinda ya tatu maji yanagawanyika, mahali padogo kama sarafu. Bloku inarudi tangini.

Ikitoka tena na kusuuzwa, maji hayakatiki. Anakinga matone ya mwisho kwenye karatasi ya litmasi kuhakikisha soda haijabaki, kisha anakimbia: chuma kilicho uchi huanza kupata kutu ndani ya dakika chache. Kompresa inapuliza kila tundu, na kitambaa chenye oili nyepesi kinapita juu ya uso wote. Bloku ni ya kijivu, na alama za kalibu iliyomiminiwa chuma hicho zinasomeka.

Wakati wenzake wanaisukuma kwenye mashine, yeye anachota kikombe cha maji ya tangi, anaweka rangi ya kupimia inayogeuka waridi, kisha anadondosha asidi akihesabu matone hadi waridi iondoke. Matone yamepungua, maana yake soda imechoka. Anapima nyingine kwa mizani. Tope la chini atalikusanya kwenye pipa lenye mfuniko, mtaroni halimwagwi. Silinda hedi ya alumini, iliyowekwa kando tangu asubuhi, itaoshwa kwa dawa ya upole yenye silikati, ambayo huikinga alumini isiliwe, katika tangi jingine.