Ufundi Ndani ya Megabaiti 32

Mwishoni mwa Desemba 2012 kampuni ya Sony ilisimamisha usambazaji wa PlayStation 2 (PS2) nchini Japani, na mapema Januari 2013 ikathibitisha kwamba utengenezaji umekoma duniani kote. Mashine hiyo iliingia sokoni Japani tarehe 4 Machi 2000, kwa hiyo iliishi miaka 12 na ushei. Zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 155, na hakuna mashine ya gemu iliyokuwa imeipiku.

Hayo ya mauzo yamesemwa sana. Ninaotaka kuwasifu hapa ni watu waliotengeneza gemu zake, kwa sababu PS2 inatupa nafasi adimu ya kuupima ufundi wenyewe. Umbo lake lilibadilika, likapungua unene mwaka 2004, lakini tumbo lake lilibaki lile lile. Hakuna nguvu ya maana iliyoongezwa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hata hivyo gemu za mwaka 2005 na 2007 ziliziacha mbali zile za mwaka 2000. Kilichokua katikati hapo ni ujuzi wa watu.

Tuifungue kidogo. Kumbukumbu kuu ilikuwa megabaiti 32. Picha nane au kumi za simu ya leo zinatosha kuijaza. Chipu ya michoro ilikuwa na megabaiti 4 tu, na humo humo ilibidi ikae picha inayoonekana kwenye skrini pamoja na rangi na ngozi za vitu vyote vinavyochorwa. Mafundi walilazimika kuzileta ngozi hizo kwa mafungu, kuchora, kuzifuta na kuleta nyingine, mara nyingi kabla picha moja haijakamilika. Kichakataji, kilichopewa jina la Emotion Engine, kilienda kwa kasi ya takriban megahezi 295, na ndani yake mlikuwa na visaidizi viwili vya hesabu, VU0 na VU1. VU1 ndiyo iliyobeba mzigo wa kugeuza maumbo ya pande tatu yakae sawasawa kwenye kioo cha televisheni. Nafasi yake ya maagizo ilikuwa kilobaiti 16. Aliyeandika maagizo hayo aliyaandika moja moja, kwa lugha iliyo karibu kabisa na mashine, akihesabu hadi mzunguko wa mwisho wa saa ya kichakataji.

Wengi walinung'unika mwanzoni. Mashine ilikuwa ngumu kuelewa, na gemu za mwaka wa kwanza zilionyesha hivyo: kingo za vitu zilikuwa na meno meno, na VU0 mara nyingi ilikaa bila kazi kwa sababu watu hawakujua waipe nini. Lakini mipaka ile ilikuwa imewekwa na haikuwa na wa kumlilia. Mtunzi wa tarbia anajua hali hiyo: ana mizani nane na nane, ana vina vya kati na vya mwisho, na hakuna atakayemwongezea mizani ya tisa ili wazo lake litoshe. Atalipindua neno mpaka likae.

Mfano mmoja mzuri ni Jak and Daxter, gemu iliyotolewa na studio ya Naughty Dog ya Marekani mwaka 2001. Walitaka mchezaji atembee kutoka pwani hadi msituni na milimani bila kukutana hata mara moja na skrini ya kumwambia asubiri. Megabaiti 32 haziwezi kubeba ulimwengu wote huo, hivyo sehemu inayofuata ilisomwa kutoka kwenye diski huku mchezaji akiwa bado anatembea katika sehemu ya kwanza. Kwa kazi hiyo hata lugha ya kuandikia programu waliitengeneza wenyewe. Andy Gavin aliibuni na wakaiita GOAL. Je, mchezaji akikimbia kuliko diski inavyosoma? Hapo Jak hujikwaa. Anaanguka, anajizoazoa, anainuka, na katika sekunde hizo diski inakuwa imefika. Mchezaji anadhani ni utani wa mhusika, kumbe ni mashine imeomba muda. Napenda sana akili ya namna hii. Wengine wangeuficha udhaifu wa mashine nyuma ya kioo cheusi. Hawa waliufanya tabia ya kijana mmoja mwenye haraka.

Mwaka 2005 ikaja Shadow of the Colossus, kazi ya Fumito Ueda na wenzake huko Japani. Ndani yake mna majitu 16 tu ya kupambana nayo. Maadui wadogo wadogo wa kujazia njia hawamo. Uamuzi huo ulikuwa wa kisanaa, lakini pia uliiachia mashine nguvu za kutosha kulichora jitu moja kubwa kama jengo, linalotembea huku mtu akining'inia kwenye manyoya yake. Manyoya yenyewe ni kiini macho. Tabaka nyembamba za picha zimepangwa juu ya ngozi ya jitu, moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa na vitobo na vinywele vyake, hata jicho likadanganyika kuona nywele zinazopepea. Mashine ilielemewa: jitu likijitikisa, picha hupungua kasi na unaliona hilo waziwazi. Lakini ukilinganisha na gemu za mwaka 2000, utashangaa kwamba zote zimetoka kwenye kisanduku kimoja.

God of War II ilitoka Machi 2007, miezi kadhaa baada ya PlayStation 3 kuingia madukani. Studio yake ingeweza kuhamia kwenye mashine mpya ikapata nafasi tele. Ilibaki kwenye ile ya zamani, ambayo ilikuwa imekwisha kuijua, na matokeo yake yaliaibisha baadhi ya gemu za mwanzo za mrithi wake.

Sisemi kwamba uzee wote wa PS2 ulikuwa wa heshima. FIFA 14 na Pro Evolution Soccer 2014 ziliifikia mwaka 2013, wakati kiwanda kimeshanyamaza, lakini FIFA za miaka ile ya mwisho zilikuwa hasa orodha mpya ya wachezaji na jezi zilizovikwa gemu ya zamani. Kukaa na chombo kwa muda mrefu hakukufanyi fundi. Unaweza kukaa nacho ukirudia jambo lile lile kila mwaka.

Kwetu Afrika Mashariki mashine hii ilipata mafundi wengine ambao hawatajwi popote. Katika vibanda vya gemu, mbele ya TV za chogo, PS2 zilifanya kazi kuanzia asubuhi hadi usiku, anayefungwa akimpisha mwenzake, na hakuna mhandisi aliyezipangia kazi ya namna hiyo. Lenzi zilichoka. Fundi wa mtaani aliifungua mashine, akaisafisha lenzi kwa pamba na spiriti, akagusa kiskrubu chake kidogo robo mzunguko, na diski ikasoma tena. Nyingi ya diski hizo zilikuwa za kunakili, hilo halifichiki. Lenzi zilipokufa kabisa, ikaja njia ya kuwasha mashine kupitia kadi ya kumbukumbu na kusoma gemu kutoka kwenye flashi, kwa programu zilizoandikwa na wapenzi wa mashine wenyewe. Mwaka 2018 Sony ilifunga huduma ya kuitengeneza PS2 huko Japani. Mafundi wetu walikuwa wameshazoea kujitegemea.

Kuna jambo dogo ambalo wengi waliliona kila siku bila kuliuliza. Ukiwasha PS2, kabla ya jina la Sony kutokea, huonekana minara ikisimama gizani. Minara hiyo haikuwekwa kiholela. Inatokana na rekodi ya gemu ulizocheza, iliyohifadhiwa kwenye kadi yako ya kumbukumbu. Kadi mpya haina minara, na kadi ya mchezaji wa siku nyingi inajaa. Sekunde chache za kuwasha mashine, ambazo mtu angeziwekea picha yoyote, zilipewa historia ya mwenye mashine.

Nawaambia haya vijana wanaojifunza kuandika programu Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko. Wengi wa watakaotumia kazi zenu wana simu za bei nafuu, zenye kumbukumbu ndogo, na bando la data la kuhesabu. Msiwaambie wanunue simu nyingine. Ijueni ile waliyonayo kama mafundi wa PS2 walivyoijua VU1, muone kinachowezekana ndani yake. Programu inayokwama kwenye simu ya mteja haijakamilika, hata kama inapaa kwenye kompyuta ya aliyeiandika.